"Sawa, unganisha"

Ijumaa moja jioni mwenzangu aliniletea mabadiliko ya msimbo, yaani maandishi ya programu ya kompyuta, nimkagulie. (Nasema msimbo, nikisema kodi mtadhani natokea TRA.) Mistari 1,400, faili zaidi ya thelathini. Nilishuka nayo harakaharaka, nikamwambia abadili jina moja na afute mstari mtupu, nikaandika "Sawa, unganisha", yaani ruhusa ya kuyaingiza kwenye programu yetu, nikawahi daladala.

Jumatatu huduma kwa wateja wakatupigia: kuna watu wamelipa mara moja, salio limeongezeka mara mbili. Malipo ya simu yana tabia yake. Taarifa ya pesa kuingia ikitumwa, seva yako ikachelewa kujibu, taarifa ileile huweza kutumwa tena. Msimbo wetu haukuuliza kama namba ya muamala ule tumeshaipokea. Kila taarifa ilipobisha hodi, uliongeza salio. Dawa ilikuwa ndogo: sharti kwenye hifadhidata kwamba namba ya muamala isijirudie. Kosa lenyewe wala halikujificha. Ile faili ningepewa peke yake ningeliona kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo siku hizi mzigo mkubwa naurudisha bila kuusoma. Ushauri uliotokana na utafiti uliofanyika kampuni ya Cisco, ukachapishwa 2006, ni kutozidisha mistari 400 kwa mara moja. Mimi hata hiyo naiona mingi, hasa pesa ikihusika. Kugawa kazi ni usumbufu kwa mwandishi, nakubali, lakini ni usumbufu wa saa moja. Sisi tulitumia wiki nzima kurekebisha masalio.

Mambo ya nafasi na mabano waachieni programu za kupanga msimbo: Prettier, gofmt na wenzao. Binadamu akianza kuhesabu nafasi, macho huchoka kabla hajafika penye hoja.

Lililotusumbua zaidi ni heshima. Kwetu kijana hamkosoi kaka yake mbele za watu, na ukaguzi unasomwa na timu nzima. Vijana walikuwa wanapitisha kazi zangu zote, nami nikajiona fundi kweli! Tukakubaliana mkaguzi asiandike "umekosea"; aulize kitakachotokea. "Taarifa hii ikija mara mbili inakuwaje?" Swali la hivyo hata mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo analiweza, na mwandishi hana pa kukwepea: ama anaonyesha jibu lilipo kwenye msimbo, ama anaandika jaribio la kulithibitisha.

Mwezi uliopita nilituma mistari 90 niliyojivunia. Binti aliyekuwa na wiki ya tatu kazini akaandika: "Shikamoo kaka. Samahani, mteja akifunga akaunti wakati malipo yake yako njiani, pesa inakwenda wapi?"

Nilikuwa nimeshavaa begi mgongoni. Nikalivua.