Nakala ya Pili Haijui Kukataa

"Kaka, jedwali la miamala halina kitu." Ilikuwa saa nane na dakika kumi usiku. Kijana wa kanzidata aliyekuwa zamu aliyasema maneno hayo mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini zaidi. Skripti ya kufuta data za majaribio ilikuwa imeelekezwa kwenye mfumo halisi. Akaongeza, "Lakini si tuna kituo cha pili? Tuhamie huko."

Nikafungua skrini ya kusimamia hifadhi, inayoonyesha jinsi data zetu zinavyonakiliwa kwenda kituo cha pili. Voliyumu (sehemu za hifadhi) zote kijani, zimesawazishwa, ucheleweshaji sekunde 0. Rangi ile ndiyo iliyokuwa ikinipa usingizi kwa miaka. Usiku ule ilikuwa na maana moja tu: kituo cha pili nacho kilikuwa kimeshafuta kila kitu, kwa utiifu ule ule.

Urudufishaji, yaani huko kunakili kila badiliko kwenda mtambo wa pili, hautofautishi andiko la mteja na kosa la fundi. Mtambo wa kwanza ukifuta, wa pili unafuta. Faili likiharibika huku, linaharibika na kule, na wahalifu wakifunga mafaili yako kwa kudai fidia, nakala ya pili inafungwa nayo. Urudufishaji unakukinga na moto, umeme na mtambo kufa, basi. Niliwahi kumwambia bosi wangu kwamba tuna bakapu kwa sababu tuna vituo viwili. Nilimdanganya, ingawa kwa nia njema.

Kilichotuokoa ni snapshoti, yaani picha ya data zilivyokuwa wakati fulani, iliyopigwa saa tano usiku kwenye mtambo wa pili, ratiba aliyoiacha fundi aliyenitangulia. Wiki moja kabla yake nilikuwa nimepanga kuiondoa ili nipate nafasi ya diski. Miamala ya muda wa saa tatu uliofuata tuliirudisha kwa kusoma kumbukumbu za programu mstari kwa mstari, hadi mchana.

Siku hizi mtu akiniomba ushauri, kabla ya kuzungumza habari za mitambo namwuliza: kazi ya dakika ngapi mkiipoteza mnaweza kuiingiza upya kwa mkono? Hiyo ndiyo RPO (Recovery Point Objective, kiasi cha data mnachokubali kupoteza) kwa lugha ya watu. Wengi hujibu "sifuri" papo hapo, na sifuri ina gharama yake. Urudufishaji wa papo kwa papo unafanya kila andiko lisubiri kituo cha pili kikiri kulipokea. Nuru ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kituo kikiwa umbali wa kilomita 100, kwenda na kurudi kunakula milisekunde 1 kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Programu inayoandika mara elfu moja mfululizo, kila andiko likisubiri lililotangulia, imeongezewa sekunde nzima. Watumiaji watalalamika, na lawama zitaangukia hifadhi.

Ukichagua urudufishaji wa kufuata kwa nyuma, usiosubiri jibu la kituo cha pili, piga hesabu ya laini. Laini ya megabiti 100 kwa sekunde, hata ikijaa kabisa, inapitisha gigabaiti 45 kwa saa. Mfumo wako ukibadilisha gigabaiti 90 kwa saa, basi kila saa inayopita unaachwa nyuma gigabaiti 45. Na usipime kwa wastani wa mwezi, pima saa ile mbaya ya kufunga hesabu.

Kuna mtego mwingine ambao miongozo huupitia haraka. Laini ikikatika kisha ikarudi, mitambo mingi haitumi maandiko kwa mpangilio yalivyoandikwa. Inatuma vipande vilivyobadilika, kimoja baada ya kingine, bila kujali kipi kilitangulia. Kabla kazi hiyo haijaisha, nakala ya pili ni mchanganyiko wa jana na leo, na kanzidata haiwezi kufunguka juu yake. Mtambo wa kwanza ukifa katikati ya hapo, huna pa kukimbilia. Kwa hiyo piga snapshoti ya upande wa pili kwanza, ndipo uruhusu usawazishaji uanze. Kama mtambo wako unafanya hivyo wenyewe, hakikisha kwa macho yako. Vilevile weka voliyumu za data na za logi (kumbukumbu ya kila badiliko) za kanzidata moja katika kundi moja la urudufishaji. Mimi niliziweka mbalimbali, na siku ya mazoezi ya kuhamia kituo cha pili logi ilikuwa nyuma ya data kwa sekunde chache tu. Kanzidata ikagoma.

Kurudi nyumbani baada ya kuhamia kituo cha pili kunaniogopesha kuliko kuhama kwenyewe. Skrini inauliza kipi chanzo na kipi lengo. Ukikosea, data ya zamani inaifunika mpya. Naandika namba za mitambo yote miwili kwa kalamu kwenye karatasi, mwenzangu anazisoma kwa sauti, ndipo nabonyeza. Wapo wanaonicheka. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu, akihangaika usiku na urudufishaji uliokwama, alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya pili. Bakapu za kila siku zilikuwa hazifanyi kazi, na barua pepe za kuwaarifu zilikuwa zikikataliwa njiani. Snapshoti iliyopigwa takriban saa sita kabla ya kosa hilo, kwa shughuli nyingine, ndiyo iliyowarudisha. Waliyaeleza hayo hadharani wenyewe, nami nawaheshimu kwa hilo.

Mazoezi fanya juu ya nakala ya snapshoti, kwenye mtandao uliotengwa, ili urudufishaji uendelee bila kuguswa. Mara yetu ya kwanza data ilipatikana tena baada ya dakika 12, huduma baada ya muda wa saa tano. Nywila za seva zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mfumo uliokuwa kituo cha kwanza peke yake, kile tulichokuwa tumekizima.

Ratiba ya snapshoti ya saa tano usiku ipo hadi leo, na sasa kila snapshoti imefungwa: hata mimi mwenye nywila kuu siwezi kuifuta kabla siku 14 hazijapita. Nafasi ya diski tuliinunua.