Uyoga wenye sumu: ulikula saa ngapi?

Naokota uyoga wa porini tangu utotoni, na nimewahi kumkesha hospitalini jirani aliyekula aliouokota mwenyewe. Daktari hakuanza na tumbo. Aliuliza: alikula saa ngapi, na kutapika kulianza saa ngapi?

Uyoga mwingi unaovuruga tumbo tu huanza visa vyake mapema, aghalabu ndani ya saa 3. Ule wa kuua, hasa Amanita phalloides, hukaa kimya saa 6 hadi 24. Umekula jioni, umelala vizuri, alfajiri ndipo unatapika na kuhara maji matupu. Basi dalili zikichelewa ndiyo uogope zaidi. Zikiwahi nazo zisikutoe wasiwasi, maana huenda sufuria moja ilikuwa na aina mbili.

Kinachoniudhi katika sumu hii ni ujanja wake. Siku ya pili kuhara hupungua, mgonjwa anaomba chakula, ndugu wanaanza kudai aruhusiwe. Wakati huohuo ini linaharibika. Siku ya 3 au ya 4 macho yanakuwa ya manjano, mtu anaanza kuweweseka, damu inakataa kuganda. Kwa hiyo msimtoe wodini hadi vipimo vya ini, vinavyorudiwa kila siku, viwaridhishe madaktari.

Ukishuku tu, nenda hospitali. Usisubiri tumbo liume. Usimtapishe mtu kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, na maziwa hayaondoi sumu hiyo. Beba mabaki ya uyoga, hata maganda ya jalalani, kwenye karatasi, kwani ndani ya plastiki huoza upesi. Huko atawekewa dripu, pengine atapewa mkaa wa dawa, na penye dawa iitwayo silibinini atachomwa hiyo kulinda ini. Ini likishindwa kabisa, hubaki kupandikizwa jingine.

Habari za kuutambua uyoga wa sumu kwa kijiko cha fedha kubadilika rangi, kitunguu saumu kugeuka cheusi, au konokono kuutafuna bila kudhurika, achana nazo. Sumu hii haitoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha, na waliopona wanasema uyoga wenyewe ulikuwa mtamu.

Mkienda hospitali, nendeni wote mliokula chungu kile, pamoja na mtoto aliyeonja mchuzi tu.