Unarekebisha ubao wa pinboli, ile mashine ya mchezo wa mpira wa chuma, na rangi inagoma kufanana? Maswali yenu haya hapa

Nachanganya nyekundu, ikiwa mbichi imefanana kabisa, ikikauka imekolea. Nakosea wapi?

Hukosei mkuu, rangi ya akriliki ndo zake, na ukija kupiga klia (ile vanishi inayoonyesha) juu inakolea tena. Kwa hiyo rangi mbichi usiilinganishe na kitu. Paka kidogo kwenye karatasi ya plastiki inayoonyesha, iache ikauke kabisa, ilaze ubaoni ubavuni mwa rangi ya zamani, kisha pitisha nafta kidogo (kiyeyushi kinachokauka haraka) kwenye zote mbili. Kabla haijapotea hewani, hapo ndo unaona zitakavyokuwa chini ya klia. Spiriti usijaribu, itaondoka na rangi yako.

Nifuate rangi ya kiwandani au hii iliyopauka?

Kama unaziba sehemu zilizobanduka tu, fuata iliyopauka, maana jicho linalinganisha na jirani yake, halina habari na kiwanda. Ila safisha kwanza, usije ukalinganisha na uchafu. Ukitaka kuijua ile ya asili fungua kile kibati cha chini kinachofunika njia ya mpira, pale mwanga haukufika. Na nyeupe ya kopo jamani mnaiharibia kazi, vanishi ya zamani imeshageuka njano kwa hiyo nyeupe yako inataka tone la njano na kahawia kidogo sana, kwa ncha ya kijiti, la sivyo kiraka kitaonekana toka mlangoni.

Nyekundu inawaka mno, nimetia nyeusi imekuwa matope.

Nyeusi weka mbali. Nyekundu inapozwa na kijani, chungwa inapozwa na bluu, njano na zambarau. Chembe tu, koroga, angalia, ongeza. Na kila mara anza na rangi nyepesi ndo utie nzito, ukianza kinyume utamaliza makopo.

Usiku ilifanana, asubuhi naona viraka!

Ni taa hiyo. Rangi mbili zenye mchanganyiko tofauti zinaweza kufanana chini ya taa moja zikakosana chini ya nyingine. Angalia dirishani mchana, halafu angalia na taa za mashine yenyewe zikiwaka, na kama unatoa balbu za zamani kuweka LED, badilisha kwanza ndo uchanganye rangi. Zikigombana, mimi nafuata taa za mashine, huko ndo itachezewa.

Klia kabla au baada?

Zote. Koti jembamba kwanza, msasa laini, ndo upake, ukiharibu unafuta bila kugusa rangi ya asili. Mistari myeusi iwe ya mwisho, inaficha kingo zilizokosana. Ile klia ya magari ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) ina isosayaneti, kemikali mbaya kuvuta, barakoa ya kitambaa haizuii kitu, kama huna vifaa vya kupumulia mpe fundi wa kupuliza magari.

Na vile viplastiki vya ubaoni vinavyowaka kwa taa ya chini yake, nivipake?

Hapana, utaziba taa. Rangi iishie ukingoni.