Mita 1,100 za Dodoma si mita 1,100 za Mendoza

Swali: Nalima zabibu nyekundu nje kidogo ya jiji la Dodoma, kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nasikia Malbec, aina ya zabibu nyekundu, ya Mendoza, Argentina, inasifiwa kwa ajili ya mwinuko, na mashamba mengi ya kule yako mita hizo hizo. Mbona mchuzi ninaoukamua kwenye zabibu zangu una sukari ya kutosha lakini uchachu hafifu na rangi nyepesi? Nikipata shamba mita 1,800 itasaidia?

Jibu: Ndugu yangu, mwinuko hausomwi peke yake. Usome pamoja na umbali wa shamba kutoka ikweta.

Tazama Argentina yenyewe. Kusini, Río Negro, kwenye latitudo ya nyuzi 39, mizabibu iko mita mia chache tu juu ya bahari na ubaridi unatosha. Mendoza, nyuzi 33, mashamba ya Luján de Cuyo yanakaribia mita 1,000, na wanaotafuta mvinyo wenye uchachu zaidi wamepanda hadi Gualtallary, katika bonde la Uco, ambako mizabibu inafika mita 1,500. Kaskazini, Salta, nyuzi 25, mji wa Cafayate uko karibu mita 1,700, na shamba la watengeneza mvinyo wa Colomé linaloitwa Altura Máxima liko mita 3,111. Kadiri wanavyoisogelea ikweta ndivyo wanavyozidi kupanda, kwa sababu wanaufuata ubaridi. Wewe uko nyuzi 6. Kwa hesabu hiyo shamba lako ni la bondeni.

Hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 0.6 kila unapopanda mita 100, na uchachu wako unapotelea hapo. Zabibu changa imejaa asidi ya maliki. Ikianza kuiva huitumia asidi hiyo katika kupumua, na joto likizidi huitumia haraka, usiku na mchana. Gualtallary, zabibu zikimalizia kuiva mwezi Machi, usiku unaweza kushuka hadi nyuzijoto 10, kwa hiyo sukari inapanda huku asidi ikibaki. Kwako Januari na Februari usiku hukaa kwenye 18 hivi. Asidi ya tatariki, ile nyingine iliyomo kwenye zabibu, huvumilia joto zaidi, lakini peke yake haitoshi kuupa mchuzi ukali unaoutafuta.

Rangi ina habari nyingine. Huko juu hewa ni nyepesi na miale ya urujuanimno ni mikali, nayo zabibu hujikinga kwa kulisheheni ganda rangi na tanini, yaani vitu vinavyoleta ukakasi. Watafiti wa Mendoza waliwahi kuifunika Malbec kwa plastiki inayozuia miale hiyo, na maganda yake yakapungukiwa rangi na tanini. Lakini usikimbilie kusema hicho ndicho unachokosa. Jua la Dodoma linapita utosini na miale hiyo unayo tele. Kinachokuangusha ni joto, maana kichala kinachochomwa na jua la alasiri huacha kutengeneza rangi, na hata ile iliyokwisha kutengenezwa huharibika.

Halafu kuna maji, jambo ambalo wasifiaji wa milima hulisahau. Mendoza hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, kwa kuwa Andes inazuia unyevu wa Pasifiki. Mkulima humwagilia kwa maji ya theluji iliyoyeyuka, na ndiye anayeamua mzabibu unywe kiasi gani. Ardhi nayo ni changarawe, sehemu nyingine imeganda chokaa, haishiki maji. Punje hubaki ndogo, ganda likawa kubwa kwa kulinganisha na nyama. Mvua yako inanyesha Desemba hadi Aprili, juu ya mavuno ya Machi kabisa: punje zinavimba, rangi inazimuliwa, na magonjwa ya kuvu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yanakufuata shambani.

Kwa hiyo, kabla ya kununua ardhi mlimani, tumia msimu wako wa pili, ule wa kiangazi. Pogoa mwezi Aprili ili vichala vianze kubadilika rangi Julai, usiku ukiwa umeshuka hadi 13 au 14, mvua imekwisha na maji ya matone yako mikononi mwako. Zabibu za Agosti na Septemba ndizo za mvinyo mwekundu. Za Machi ningezipeleka mezani au kwenye mvinyo mwepesi. Punguza vichala kwenye mizabibu iliyobeba kupita kiasi. Majani ya upande wa magharibi yaache, ondoa machache upande wa jua la asubuhi. Na usivune kwa kuangalia Briksi, kipimo cha sukari, tu. Pima pH pia, kipimo cha uchachu, kuanzia wiki tatu kabla ya mavuno.

Mita 1,800 zitakupunguzia kama nyuzijoto 4, na hiyo si haba. Ila nyanda zetu nyingi za juu zina mvua na ukungu kuliko Dodoma, na ukungu kwa mzabibu ni ugonjwa. Omba takwimu za mvua za eneo hilo, mwezi kwa mwezi, kabla hujauliza bei. Wenzetu wa Andes wana hewa kavu lakini wanalipia kwa njia nyingine, kwani baridi kali huunguza machipukizi na mvua ya mawe huwalazimu kufunika mizabibu kwa nyavu.

Msimu huu, uchachu ukipungua bado, ongeza asidi ya tatariki kabla ya kuchachusha. Hakuna aibu, hata Mendoza, kwenye mashamba ya chini yenye joto, huongeza.