Mbu tasa na shimo la matofali

*Papa wa Maabara, mimi nauza bukari na samaki hapa Katuba. Kijana wangu alisikia kwamba wazungu wanatengeneza mbu na kuwaachilia Afrika. Mume wangu anasema wakituuma, tutakosa uzazi. Tena nyuma ya nyumba tuna shimo tulilochimba udongo wa matofali, na tangu mvua ianze kitinda mimba wangu ameugua malaria mara mbili. Niogope kipi?*
Mama wa watoto watano, Lubumbashi

Mama, miaka 31 niliinama juu ya hadubini nikitafuta malaria kwenye matone ya damu, na hilo swali la mumeo nimeulizwa hata mlangoni pa kanisa.

Mbu waliachiliwa kweli, ila si huku. Ilikuwa Burkina Faso, kijiji cha Bana, Julai 2019, baada ya wanakijiji kuulizwa: maelfu ya madume waliobadilishwa jeni wakawa tasa. Dume haumi, mama. Anakunywa maji matamu ya maua. Anayekunyonya ni jike, anatafuta damu ya kukomaza mayai. Na jike wa anofelesi, mbu aenezaye malaria, kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo akiangukia dume tasa, mayai hayaanguliwi. Mumeo alisikia neno "tasa" vizuri, akakosea tu mwenyewe ni nani.

Kinachonikuna kichwa mimi ni kingine. Mwaka 2018, wataalamu wa Imperial College kule London walionyesha jeni inayojisambaza yenyewe kwa karibu watoto wote wa mbu. Majike wenye jeni hiyo kutoka pande zote mbili, baba na mama, hawaumi wala hawatagi. Ndani ya vizimba, mbu wote waliisha kati ya kizazi cha 7 na cha 11. Vizimbani sawa. Lakini mbu hajui mpaka wa Kasumbalesa, wa kuingia Zambia. Nani atatia saini kwa niaba ya majirani? Burkina Faso yenyewe ilisimamisha mradi wake wa mbu Agosti 2025.

Sasa shimo lako. Anofelesi wetu anapenda hasa maji ya mvua yaliyotuama juani, na kutoka yai hadi mbu arukaye ni siku kumi hivi, pengine pungufu. Kijana aliyeleta habari za wazungu ashike jembe: alifukie, au kama matofali hayajaisha, achimbe mfereji maji yatoke.

Na huyo mdogo, mara ya pili alipimwa damu, au mlinunua vidonge tu? Zile dawa za kwanza alizimaliza siku zote 3, au homa iliposhuka mkaziweka kwa ajili ya ndugu yake?