Swali la lugha: "Hatari isiyobadilika" au "uwiano usiobadilika"?

SWALI: Naandika ikisiri ya tasnifu yangu ya afya ya jamii kwa Kiswahili. Nilitumia modeli ya Cox, inayolinganisha makundi kwa muda unaopita hadi tukio kama kifo, na uwiano wa hatari ukawa 0.60. Nimeandika: "Kwa kutumia modeli ya uwiano wa hatari isiyobadilika, wagonjwa waliopewa dawa mpya walipunguza uwezekano wa kufa hadi asilimia 40 (masafa ya uhakika ya asilimia 95: 0.45 hadi 0.80)." Msimamizi wangu ameizungushia wino mwekundu bila maelezo. Nimekosea wapi? Na waliohama kabla utafiti haujaisha, ni sahihi kuwaita "waliodhibitiwa"?

JIBU: Kosa zito kuliko yote limejificha kwenye kiambishi kimoja. Ukiandika isiyobadilika, ile i- inakwenda na hatari, nomino ya ngeli ya I-ZI. Maana yake umesema hatari yenyewe iko vilevile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. David Cox, mwanatakwimu aliyebuni modeli hiyo, hakudai hivyo. Katika makala yake ya mwaka 1972, hatari ya msingi, yaani ile ya kundi la kulinganishia, imeachwa huru: inaweza kuwa kubwa wiki ya kwanza baada ya upasuaji, ikashuka, kisha ikapanda tena miaka ikisonga, na modeli haihitaji kujua umbo lake ili kukadiria vigezo vingine. Kinachodhaniwa kubaki palepale ni uwiano kati ya hatari za makundi mawili. Kama kundi moja lina mara 0.60 ya hatari ya jingine mwezi wa kwanza, liwe na 0.60 hiyohiyo mwezi wa thelathini. Basi andika "uwiano wa hatari usiobadilika". Kiambishi u- kinairuka hatari na kushika uwiano, na msomaji hana pa kupotelea.

Neno uwezekano nalo halifai hapa. Hatari ya Cox ni kasi: miongoni mwa walio hai hadi dakika hii, vifo vinatokea kwa mwendo gani? Uwezekano hauzidi 1. Kasi, ikipimwa kwa mwaka, inaweza kuzidi. Chukua uwiano wa 2. Kama kwenye kundi la kwanza watu 80 kati ya 100 wako hai baada ya miaka 5, kwenye kundi la pili watakuwa 64, kwa sababu 0.80 inazidishwa kwa yenyewe. Uwezekano wa kufa umetoka 0.20 hadi 0.36, yaani mara 1.8. Kama waliobaki kundi la kwanza ni 50, kundi la pili ni 25, na uwezekano umetoka 0.50 hadi 0.75, mara 1.5 tu. Uwiano wa kasi ni uleule 2 pande zote mbili. Tukio likiwa adimu sana namba hizi hukaribiana, lakini hiyo si ruhusa ya kubadilishana maneno. Wala 0.60 haisemi kwamba mgonjwa ameongezewa asilimia 40 ya maisha.

Ningependelea "kasi ya vifo", au "kasi ya tukio" pale unapopima kupona au kurudiwa na ugonjwa. Wengi wamezoea "hatari", na inafaa mradi uieleze mara moja mwanzoni.

Sasa maneno "kwa" na "hadi". "Imepungua kwa asilimia 40" ni 0.60. "Imepungua hadi asilimia 40" ni 0.40, dawa nyingine kabisa! Ukitaka hadi, sema hadi asilimia 60 ya kasi ya kundi linganishi. Masafa nayo yanageuka: 0.45 ni pungufu la asilimia 55, na 0.80 ni la asilimia 20. Epuka pia "mara mbili zaidi", maana wapo wanaoisoma kuwa mbili na wapo wanaoisoma kuwa tatu. "Mara mbili ya" inatosha. Tena, wagonjwa hawakupunguza chochote, kwa hiyo wasiwe kiima.

Andika hivi: "Kwa modeli ya Cox ya uwiano wa hatari usiobadilika, kasi ya vifo kwa wagonjwa waliopewa dawa mpya ilikuwa chini kwa asilimia 40 kuliko ya kundi linganishi (uwiano 0.60, masafa ya uhakika ya asilimia 95: 0.45 hadi 0.80)."

Sentensi hiyo ni ya kweli ikiwa tu umekagua dhana yenyewe kwamba uwiano haubadiliki, kwa mfano kwa mabaki ya Schoenfeld (tofauti kati ya kilichoonekana kwa aliyepatwa na tukio na kile modeli ilichotarajia): yachore dhidi ya muda, na yakionyesha mwelekeo wa kupanda au kushuka, uwiano unabadilika. Hutokea unapolinganisha upasuaji na vidonge, kwa kuwa upasuaji huua mapema kisha hulinda. Hapo namba moja itaficha mambo. Toa mbili, "katika miezi 6 ya kwanza" na "baada ya hapo".

Kuhusu "waliodhibitiwa", hapana. Kudhibiti ndilo neno unalotumia kwa umri na jinsia ndani ya modeli, na msomaji atachanganya. Sema "ambao ufuatiliaji wao ulikatika kabla ya tukio". Usiwaite "walionusurika" pia, kwa sababu unajua tu kwamba walikuwa hai siku ya mwisho walipoonekana.