Mvua ikinyesha, swichi inatupiga shoti

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tunaishi katika nyumba ya zamani tuliyoachiwa na wazazi. Kila mvua kubwa inaponyesha, swichi ya korido hututetemesha vidole na taa hupepesa, lakini saketi breka haikatiki. Jua likiwaka siku mbili, hali inatulia. Paa linavuja jikoni tu, mbali na korido. Mwaka jana tulitoa mabomba ya maji ya chuma yaliyooza tukaweka ya plastiki. Tubadilishe swichi au tuweke breka mpya?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwanza zima saketi hiyo leo na uiache imezimwa. Simama pakavu, mikono ikiwa mikavu. Kama maji yamefika kwenye mein swichi yenyewe, au sakafu iliyo chini yake imelowa, usiiguse. Waite wanaokupa umeme wakukatie huko nje.

Swichi haina kosa. Ukiibadilisha, mvua ijayo mtarudi pale pale. Katika nyumba nyingi za zamani nyaya hupita ndani ya mabomba ya chuma yaliyofukiwa ukutani. Maji yakiingia kwenye mdomo wa bomba hilo juu ya dari ya jikoni, huteremka nalo mpaka yapate pa kutokea, na kwenu yametokea kwenye kisanduku cha swichi. Niliwahi kufungua soketi ikamwaga maji kama birika, na tobo la paa tukalikuta vyumba viwili mbali.

Ama breka, kazi yake ni kulinda waya usiungue. Breka ya ampea 16 haishtuki kwa nusu ampea inayovuja kupitia ukuta mbichi, ilhali miliampea (elfu moja yake ndiyo ampea moja) makumi machache tu zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo wa mtu. Kwa hiyo kutokatika kwake kusikupe moyo. Mnachohitaji ni RCD, kifaa cha kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Hiyo hulinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro; ikiona pengo, inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Sasa, lile la mabomba ya plastiki umelitaja kwa kupita tu, nami ndilo lililonishtua. Mafundi wa zamani walizoea kufunga waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye bomba la maji la chuma, kwa kuwa bomba lilizama ardhini. Mlipolitoa, huenda mliitoa ethi ya nyumba nzima bila kujua. Umeme unaovuja ukikosa njia ya kwenda ardhini, unabaki kwenye chuma ukimsubiri mwenye miguu iliyolowa. RCD bila ethi bado itakata, ila itakata baada ya mtu kuguswa. Ikiwepo ethi, itakata pale uvujaji unapoanza. Basi fundi achimbie ethi rodi, yaani fimbo ya chuma ya ethi, aipime kwa kifaa chake, na aunganishe nayo mabomba yote ya nyaya.

Paa lizibwe kabla ya kutumia pesa kwenye nyaya. Kisha kila saketi ipimwe kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme, vyombo vyote vikiwa vimechomolewa. Ikisoma chini ya megaomu 1, saketi hiyo haifai kuwashwa. Usikubali kipimo cha siku za jua peke yake. Apime tena mvua ikishapita, maana waya uliokauka hudanganya.

Fundi akivuta waya akakuta mpira mweusi unaopukutika mkononi, nyaya hizo zitolewe zote. Asizungushie tepu. Hata nyaya zenye ganda la plastiki zifunguliwe kwenye maungio: maji yakikauka huacha chumvi na kutu ya kijani kwenye shaba, ungio linapata joto kila mnapotumia umeme, na moto unaweza kuanza miezi kadhaa baada ya mvua, wakati kila mtu amekwisha kusahau kuvuja.

Jambo moja dogo. Nawajua watu walioing'oa RCD kwa sababu "inasumbua mvua ikinyesha." Kifaa pekee kilichosema kweli katika nyumba ile ndicho walichokitupa. Yenu ikianza kukatika, tafuteni maji yanakoingilia. Na kitufe chake chenye herufi T kibonyezwe angalau kila miezi 6; isipokata, ibadilisheni.